Jua la Februari Lisiwe Sababu ya Kung'oa Mboga Zetu

Wenzangu katika chama wameandika kuhusu nidhamu, mitihani na mapenzi ya shuleni hadi wino ukawaishia, nami nimeona nishike jambo dogo linalotuhusu sisi wakaaji wa Riruta Satellite pamoja na majirani zetu wa Kawangware na Kibera. Ni jambo la bustani. Si shamba la ekari, la hasha! Nasema gunia moja au mawili ya sukuma wiki kando ya ukuta, karai bovu lenye dania, na makopo machache ya maua mlangoni. Kila mwaka jua la Januari likishika kasi na mifereji ikianza kukohoa badala ya kutoa maji, bustani hizi ndizo hushtakiwa kwanza. Ati zinamaliza maji. Mimi napinga. Nasema bustani ya ploti haimalizi maji ya mtu, na kwamba mwenye kuamuru ing'olewe wakati wa kiangazi anamnyang'anya mpangaji mboga katika miezi ile ile ambayo mboga ni ghali.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Ploti tunamoishi ina vyumba kumi na viwili na mfereji mmoja. Mwezi wa Januari keateka wetu alibandika karatasi langoni, imeandikwa kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa: MARUFUKU KUMWAGILIA MABOGA NA MAUA. Bila shaka alikusudia mboga. Mama alisimama akaisoma polepole, akasema, "Basi mimi hainihusu. Sijapanda boga hata moja." Ploti nzima ilicheka, lakini keateka hakucheka. Jioni alikuja mwenyewe mlangoni petu akasema, "Mama, usinichezee shere. Mwenye ploti amesema magunia yatoke. Maji ni ya kunywa, si ya sukuma."

Maji ni ya kunywa, si ya sukuma. Maneno hayo ukiyasikia yana busara. Nani atabisha? Ndiyo maana nimeona tuyachambue taratibu, maana jambo likisemwa kwa ufupi namna hiyo watu hulimeza bila kutafuna.

Kwanza tuelewane kuhusu hali ya hewa yenyewe. Vitabu vingi vya bustani ambavyo nimevikuta viliandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, nao husema jua kali ni la Juni na Julai. Mfuate mwandishi huyo hapa Riruta uone! Mwezi wa Julai sisi tumevaa sweta mbili, wingu limetanda kama mfuniko wa sufuria, na nguo hukaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na kidogo, na juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza karibu katikati ya Machi na mara ya pili mwishoni mwa Septemba. Kiangazi chetu hasa ni baada ya mvua za vuli kukoma, tangu Januari hadi masika yaanze Machi kuelekea Aprili. Ni majira yale ambayo ndugu zetu wa pwani huyaita kaskazi, kwa jina la upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki. Kwao upepo huo ulileta majahazi kutoka Uarabuni. Kwetu huleta vumbi na midomo kupasuka.

Na jua la huku juu lina hila. Asubuhi unatoka umejikunyata kwa baridi, saa sita unatafuta kivuli cha nguzo ya stima. Hakuna wingu. Udongo wetu wa Dagoretti ni ule mwekundu, mzuri kweli kweli, lakini wiki mbili bila mvua juu yake hugeuka unga. Hata hivyo ukichimba chini kidogo, kama urefu wa kiganja, utakuta unyevu ungalipo. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye maji. Simkatalii keateka kwamba yana shida. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka mbali, katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, ambalo hujazwa na mito inayoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Mvua ikikosa huko, sisi huku twakauka, hata kama hakuna mtu Riruta aliyelitia jicho bwawa hilo. Mvua za mwaka 2016 zilipokuwa haba, mgao wa maji ulianza Nairobi Januari 2017, na wazazi wetu wanaukumbuka vizuri. Katika ploti yetu mgao si habari ya gazetini. Mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, na siku nyingine tunamngojea mtu wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Mtungi wa shilingi kumi huwa ishirini, tena siku nyingine anakwambia, "Leo ni thelathini, mama, kisima kiko mbali." Katika hali hiyo, mtu akimwona jirani ameshika kopo anamwagilia maua, moyo humwuma. Naelewa kabisa.

Lakini swali ni hili: maji yaliyomo ndani ya kopo hilo yametoka wapi? Keateka huona kopo, haoni beseni lililotangulia kopo.

Nilikaa wiki moja nzima mwezi wa Februari nikipima. Ndugu yangu mdogo alinicheka, akaniita injinia wa maji machafu, lakini nilipima. Sisi ni watu watano. Siku ya kawaida ya kiangazi tunatumia mitungi minne, yaani lita 80, ambayo si mingi kwa watu watano. Nikaweka ndoo tupu nje ya mlango, na kila aliyeosha mboga, mchele, viazi au mikono kabla ya kula aliambiwa amwage humo. Maji ya sabuni ya vyombo yalienda mtaroni kama kawaida. Jioni ndoo ilikuwa na lita kumi, siku nyingine kumi na mbili. Siku ya Jumamosi, siku ya kufua, maji ya suuza ya mwisho peke yake yalikuwa mitungi miwili na nusu. Je, magunia yetu mawili hunywa kiasi gani? Lita tano kila moja, jioni, basi yametosheka. Makopo matano ya maua, kila moja kikombe. Fanya hesabu wewe mwenyewe, hata kama hesabu inakupiga chenga kama mimi. Ndoo ya jikoni karibu inamaliza kazi yote, na suuza ya Jumamosi ni akiba. Kutoka mferejini hatukuchota hata tone moja kwa ajili ya bustani. Maji yale yote kabla ya hapo yalikuwa yakienda mtaroni, yakilala pale yakinuka, na mbu wakifurahia.

Na kwa vile tunasemezana ukweli, siku ile mfereji unapotoka kuna gari fulani huoshwa langoni kwa mpira, nusu saa nzima, povu linatiririka hadi barabarani. Sijaona karatasi iliyoandikwa MARUFUKU KUOSHA MAGARI. Sitasema gari ni la nani.

Kuna watu watakaosema maji ya beseni yataua mimea. Yapo yanayoua, sikatai. Maji ya kwanza ya kufulia, yale mazito yenye sabuni ya unga, yana chumvichumvi ambayo hukaa udongoni na kuuchosha. Maji yenye dawa ya kutoa madoa ndiyo usiyakaribishe kabisa. Lakini suuza ya mwisho ni karibu maji matupu. Mama huyaacha yatulie, humwaga zile zilizotuama chini, na hayarudii gunia moja kila siku, leo hili kesho lile. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, udongo unaoshwa. Sukuma tunayokula mwaka wa tatu sasa imekua hivyo.

Hata hivyo, maji ni nusu tu ya hadithi. Kwa maoni yangu watu wa Satellite hupoteza mboga si kwa kukosa maji bali kwa kuuacha udongo uchi. Nilisema mkumbuke ule unyevu ulioko chini ya vumbi. Jua huufikia kwa sababu hakuna kinachoufunika. Mwalimu wa Kilimo hutufundisha kwamba hayo huitwa matandazo, sisi tukaandika neno hilo daftarini, tukapita mtihani, tukaenda zetu nyumbani ambako magunia ya mama yamekaa kichwa wazi. Nyasi kavu, maganda ya maharagwe, majani ya migomba, hata vipande vya katoni vilivyoloweshwa, vyote vinafaa. Tandaza unene wa vidole vitatu, uache nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze. Tangu mama aanze kufanya hivyo, gunia linaweza kukaa siku mbili bila maji na sukuma isilegee shingo.

Gunia nalo lina tabia zake. Ardhi hukaushwa kutoka juu peke yake, gunia hukaushwa kutoka kila upande. Ndiyo maana wanaojua huweka nguzo ya mawe katikati: unachukua kopo lisilo na kitako, unalijaza kokoto, unajaza udongo na samadi pembeni, unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, hadi gunia lijae na mawe yasimame kama uti wa mgongo. Maji ukiyamwaga juu ya mawe hayo huteremka hadi chini na kuifikia miche iliyochomekwa kwenye matundu ya ubavuni. Bila mawe, maji hubaki juu, mimea ya juu ikalewa na ya chini ikafa kiu. Halafu tafadhali, usiliegemeze gunia kwenye mabati. Saa nane mchana mabati ya Kawangware yanaweza kukaanga yai. Acha nafasi ya shubiri moja, au tafuta ukuta wa mawe ulio upande wa magharibi wa bustani, ili jua la alasiri lizuiliwe.

Kumwagilia ni jioni jua likishatua, au alfajiri kabla halijachomoza. Hili kila mtu analijua, lakini anayelifanya ni nani? Kuna shule fulani, sitaitaja, ambako mwanafunzi akichelewa huadhibiwa kwa kumwagilia maua saa saba mchana. Adhabu hiyo haimwadhibu mwanafunzi peke yake, inayaadhibu na maji. Nusu yake hugeuka mvuke kabla hajarudisha ndoo.

Kuna na suala la tunachokipanda. Hapa nitawakosea wapenzi wa sukuma wiki, nami ni mmoja wao, maana ugali bila sukuma ni kama darasa bila kengele. Sukuma asili yake ni mboga ya nchi za baridi. Jua kali huyafanya majani yake kuwa magumu na madogo, kisha vidukari hujaa chini ya jani kama unga wa kijivu. Mama huviondoa kwa maji yenye sabuni kidogo, hulipangusa jani moja moja kwa vidole, kazi ya kuchosha. Kama unaanza bustani mpya Januari, mimi nakushauri sukuma ingoje masika. Panda terere. Terere, ambayo Kiswahili sanifu huiita mchicha, katika namna ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua iko kundi moja na mahindi, mtama na muwa. Hutumia maji kwa uchoyo. Jua linaloiduwaza sukuma kwake ni karamu. Wiki ya nne tangu umwage mbegu unachuma. Vivyo hivyo mgagani, ambao wengi wenu mnauita saga au saget, na kunde za majani. Managu, yaani mnavu, ni tamu kuliko zote kwa ulimi wangu, lakini hupenda unyevu, basi iwekwe kivulini na isiahidiwe mambo makubwa mwezi wa Februari.

(Mwenyekiti wa chama aliniuliza kwa nini naandika terere na managu ilhali mchicha na mnavu ni Kiswahili. Nilimjibu kwamba nikimwambia mama mboga wa Kabiria "nipe mnavu", atanitazama kama nimetoka mwezini. Nimeyaandika yote mawili, kila mtu achukue lake.)

Mboga hizi wengi wetu tulizidharau. Tuliambiana ni za mashambani, za watu wasio na kitu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi ya kazi yake kuzichunguza na kuzitetea, na leo zimepanda hadi kwenye rafu za maduka makubwa, zimefungwa kwa plastiki, na bei juu. Kumbe ile "magugu" iliyokuwa ikiota yenyewe nyuma ya choo ilikuwa hazina.

Sasa nakuja kwenye maua, ambapo najua nitapata wapinzani wengi zaidi. Hata mama, ambaye huitetea sukuma yake kama simba jike, husema maua ni anasa. "Ua huliwi," anasema. Shosho, mama yake mama, ndiye mwenye makopo yale matano: mawili ya jeraniamu nyekundu, moja la waridi lisilokubali kuchanua, moja la mshubiri na moja la marigodi. Yamepangwa kizingitini na kila asubuhi huyageuza kidogo. Keateka aliposema magunia yatoke, shosho hakusema lolote kuhusu magunia. Aliuliza, "Na makopo yangu?" Akajibiwa, "Na makopo pia, cucu." Alinyamaza siku nzima.

Nitasema ninavyofikiri. Mtu wa miaka zaidi ya sabini, ambaye ameuona mtaa huu ukiwa mashamba ya mahindi na viazi na sasa anaishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, hana kitu kingine anachokilea isipokuwa makopo hayo. Vikombe vitano vya maji ya kuoshea mchele si anasa. Ndugu zetu wa pwani hawaoni aibu kupanda asumini na mrehani uani. Wanawake wa Mombasa na Lamu hufunga vikuba vya maua hayo wakavaa harusini, na hakuna aliyewaambia kwamba maji ni ya kunywa, si ya asumini. Tena maua hufanya kazi. Nyuki hawaji kutalii sukuma ya ploti, bali wakiyafuata maua hukuta na ua la malenge au kunde. Malenge bila nyuki hunyauka likiwa dogo kama limau. Marigodi ikipandwa karibu na nyanya husaidia kuwapunguza minyoo wanaovimbisha mizizi. Hata ile bangi mwitu yenye harufu kali inayoota kila mahali kando ya barabara ni ukoo wake.

Lakini sitetei kila ua. Jeraniamu, mshubiri na bogenvilia huvumilia kiu, na bogenvilia ukiinyima maji kidogo huchanua hata zaidi. Hayo na yakae. Mtu anayenunua miche laini ya maua ya msimu kutoka kwa wauzaji wa kando ya Barabara ya Ngong mwezi wa Februari, kisha akainyeshea maji ya mtungi wa shilingi ishirini mara mbili kwa siku, huyo simtetei, na karatasi ya keateka ingemhusu vizuri. Angoje Aprili. Na zulia la nyasi mbele ya nyumba za wakubwa, linalonyunyiziwa maji safi jua likiwaka, hilo ndilo ningeliandikia karatasi nyekundu mimi mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo nakubaliana na wenye kuzikemea bustani, na hapa wanakemea kidogo mno. Kiangazi kikikaza, wapo wanaochota maji ya mto na ya mitaro. Mto Motoine huanzia huku Dagoretti, hupita Kibera na kuishia katika Bwawa la Nairobi, lile lililojengwa 1953 watu wakaliendesha mashua, na ambalo leo limejaa tope na magugu maji. Kila kinachotupwa na vyoo, gereji na vichinjio njiani humo hufika. Mboga iliyonyweshwa maji hayo hunawiri ajabu, majani mapana ya kijani kibichi, nawe ukipita sokoni macho hukutoka. Unakula vijidudu, na pengine risasi na madini mengine mazito ambayo kuchemsha hakuyaondoi. Hapo sheria iwe kali, na keateka akibandika karatasi nitamshikia gundi. Lakini tazama kinyume chake: mpangaji akikatazwa kutumia maji ya beseni lake mwenyewe, ambayo anajua yametoka wapi, mwisho wake ni kununua mboga ambazo hajui zimenyweshwa nini.

Na bei yake je? Fungu la sukuma la shilingi ishirini lililotulisha sisi watano mwezi wa Novemba, mwezi wa Februari ni majani ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Simlaumu mama mboga, naye ananunua ghali. Januari ni mwezi wa karo, sare na vitabu. Katika mwezi huo huo magunia mawili hutuondolea mboga za kununua siku nne katika wiki. Mama hupiga hesabu ya kila shilingi, na anasema fedha hizo ndizo nauli yangu. Ndiyo kusema kwamba karatasi ile ya langoni, ikifuatwa, mimi nitatembea.

Watu wa Kibera wanaijua thamani ya gunia kuliko sisi. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa, njia zikafungwa, na chakula kikawa adimu. Mwaka huo huo shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwasaidia wakaazi kupanda mboga kwenye magunia, likiwapa miche na mafunzo, nayo magunia yakasambaa vichochoroni ambamo hapakuwa na hata futi moja ya ardhi ya kulima. Miaka imepita na utaratibu wa nguzo ya mawe niliouelezea hapo juu sasa unajulikana mitaa mingi ya jiji.

Serikali nayo imebadili lugha yake. Nairobi ilikuwa mji ambamo kulima kulionwa kama uchafu, askari wa jiji wakifyeka mahindi ya watu kando ya barabara. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini. Mwaka 2020, korona ilipotufungia majumbani, Wizara ya Kilimo ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Sheria haimnyang'anyi mwenye ploti ploti yake, na wala sitaki mtu anukuu makala yangu akamtishie keateka. Lakini haiwezekani wizara ituambie tupande, na lango lituambie tung'oe, kisha mwenye kuumia awe ni mwanamke mwenye magunia mawili.

Tena sisi wa Dagoretti tuna haki ya kuona ajabu. Riruta haikuwa mji hata kidogo, ilikuwa mashamba ya Wakikuyu, na iliingizwa katika jiji mipaka ilipopanuliwa mwaka 1963. Wenye ploti wengi ni wana na wajukuu wa wakulima walewale. Udongo chini ya saruji ya ua wetu uliwahi kulimwa na nyanya wa mwenye ploti. Sidhani kama angemwambia kwamba maji si ya mboga.

Ninachotaka si kikubwa. Ukuta wa magharibi wa ploti uachiwe magunia, kila chumba kisizidi mawili, ili njia isizibwe na mtoto asijikwae. Mfereji usitumike kwa bustani kuanzia Januari hadi mvua inyeshe, hilo tulikubali wote liandikwe hata kwa kalamu nyekundu. Karibu na mtaro iwekwe pipa moja lenye mfuniko na kitambaa cha kuchujia, watu wamwage humo suuza zao za mwisho, na lisilale na maji zaidi ya siku mbili kwa ajili ya mbu. Na mpira wa kuoshea gari ufuate sheria ile ile na gunia. Mama alimpelekea keateka maneno haya pamoja na fungu la terere. Terere alilichukua. Akasema atamwuliza mwenye ploti, lakini makopo ya cucu yakae kwanza, hayana shida.

Ninapoandika haya ni juma la pili la Machi. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ngong jioni kisha hutawanyika bila kutoa kitu. Karatasi ingali langoni, imepauka kwa jua hadi neno MABOGA halisomeki vizuri, na magunia yangali ukutani yakingoja jibu. Terere tuliloacha likomae limetoa mbegu tele, nyeusi, ndogo kama vumbi la chaki, na kiganja kimoja kinatosha magunia kumi. Anayezitaka anione Alhamisi baada ya mkutano wa chama, chini ya mjakaranda karibu na maabara. Aje na karatasi yake ya kufungia, maana mimi za daftari langu zimekwisha.